Mkanda Hausemi Uongo

5 Machi
Daktari wa mifugo kasema niandike kila anachokula farasi, asubuhi na jioni. Haya, naandika. Asubuhi: majani makavu, pumba kidogo, maji. Jioni: anajua shemeji, maana jioni ni zamu yake, na shemeji hasemi.

Nitaandika na mengine humu humu, kwa kuwa nyumba hii haina mtu wa kumwambia. Mume wangu hatunaye tangu mwisho wa mwaka. Aliugua muda mrefu, na alivyokuwa akiisha yeye, farasi wake naye akawa anaisha, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama. Jina la farasi ni Tajiri. Mtaa mzima unatucheka: tajiri gani huyo, mbavu zinahesabika mtu akiwa barabarani?

Jana kwenye chai mama mkwe alitoa hukumu. Mvua zikiisha, msimamizi wa kiwanda cha mbao atakuja kuchagua farasi wa kuvuta magogo kule mlimani ambako malori yanazama kwenye tope. Akimchukua Tajiri, Tajiri abaki. Asipomchukua, Mnunuzi aje na kamba yake. Mnunuzi hanunui farasi wa kupanda. Ananunua nyama.

"Usininunie, mkwe," alisema. "Marehemu alikuwa mwanangu kabla hajawa mumeo. Lakini hatuwezi kufuga mdomo usiofanya kazi."

Sikumnunia. Nilimtazama shemeji. Alikuwa anakoroga chai ambayo haina hata sukari.

7 Machi, Ijumaa
Nimempima. Katika nyumba hii farasi hapimwi kwa macho. Marehemu alikuwa na mkanda wa ngozi wenye matundu, na kila Ijumaa, kabla Tajiri hajanywa maji, alimzungushia nyuma ya miguu ya mbele, akavuta, akahesabu tundu kuanzia nchani. Likiwa la tatu, farasi mzima. La nne, kuna jambo. "Macho yanapendelea," alikuwa akisema. "Mkanda hausemi uongo."

Leo ni tundu la sita. Nililia kidogo, nikajifuta kwa shingo ya Tajiri, ambayo nayo ni mifupa mitupu.

Mkanda nimeurudisha kwenye msumari wake, juu ya sanduku la pumba. Unaning'inia vile vile alivyouacha mwenyewe, ncha ikikaribia mfuniko bila kuugusa.

14 Machi
Dawa ya minyoo. Nusu kameza, nusu kanitemea usoni. Tundu la sita.

18 Machi
Mvua imeanza. Fundi wa kwato amekuja, yule tunayemwita Misumari kwa sababu huwa anaongea nayo mdomoni. Kamkata Tajiri kwato zilizokuwa zimepinda mbele mithili ya viatu vya kurithi. "Huyu usimkimbize," akasema. "Mtembeze tu. Leo hadi kwenye tangi la maji, wiki ijayo hadi juu ya kilima. Na chakula uongeze polepole. Mwenye njaa ya siku nyingi ukimpa karamu unamzika."

Daktari naye alisema hivyo hivyo. Sawa, nimesikia, mimi si kiziwi.

Misumari alipomaliza hakwenda zake. Alikaa na shemeji nyuma ya banda, wakanywa chai, wakacheka. Shemeji kucheka! Mtu ambaye mtaani wanamwita Kimya. Nilipotokea na ndoo wakanyamaza wote wawili.

28 Machi
Tumefika juu ya kilima. Yeye alisimama mara nne kuhema, mimi mara sita. Tundu la sita bado.

4 Aprili, Ijumaa
Tundu la tano! Nimevuta mara mbili nihakikishe. La tano! Nimempa karoti, nikala na mimi moja.

Mkanda ulikuwa umekakamaa kwa unyevu wa hizi mvua, kama ubao. Nimekaa mlangoni nikaupaka mafuta ya ng'ombe, nikausugua, nikaupinda na kuukunjua mpaka ukalainika. Marehemu angefurahi kuona kitu chake kinatunzwa. Nitakuwa naupaka kila Ijumaa.

9 Aprili
Nimemwona shemeji akitoka alfajiri kwenda kazini na gunia limekunjwa chini ya koti. Kazi yake iko kwenye kiwanda cha mikate. Mtu wa kiwanda cha mikate anapeleka gunia la nini kwenye mikate?

Chumba chake kimepakana na banda. Sanduku la pumba liko hatua chache kutoka mlangoni pake. Sisemi kitu. Naandika tu.

11 Aprili
Tano. Mvua.

18 Aprili, Ijumaa
La sita.

Nimehesabu upya kwa kidole. La sita. Pumba nimeongeza, mahindi ya kuvunja nimeongeza, majani hayajakosekana hata siku moja. Tajiri anakula hori mpaka analamba mbao. Chakula kinaingia, mwili unatoka. Basi hakiingii chote.

Nimemtazama shemeji alivyorudi jioni. Unga mikononi, unga kwenye nyusi, unga kwenye suruali. Hapo ndipo ujanja ulipo: mtu anayeshinda kwenye unga, utamjuaje kama amegusa pumba?

20 Aprili
Nimekumbuka kitu. Mwaka juzi mama mkwe alimwambia shemeji kuwa akipata mchumba, banda litakarabatiwa liwe nyumba yake. Na mchumba kapatikana, yule fundi cherehani wa kona ya pili, kila mtu anajua. Banda lenye farasi halikarabatiwi. Kikulacho ki nguoni mwako.

25 Aprili
La sita, tena kwa kuvuta. Nimeanza kumfungia Tajiri tairi kuukuu nyuma, alivute kwenye kilima. Amelivuta bila kusimama. Nikadhani ni bidii, lakini alipofika juu hakuwa hata anahema, akaanza kung'oa majani ya kando ya njia. Njaa hiyo. Farasi aliyeshiba hali majani yenye vumbi la barabara.

30 Aprili
Misumari amekuja zamu ya pili. Alipoingia tu akapiga mluzi. "Huyu sasa ndiye Tajiri! Tazama mgongo ulivyojaa!"

Nikamwambia mkanda unasema sita.

"Mkanda?" Akatoa msumari mdomoni. "Dada, mimi nakwambia ninachokiona."

Lo! Amekunywa chai ngapi na shemeji, huyu? Mtu akitaka usilinde kitu chako, anakwambia kimejaa. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka langoni, nikasimama hapo hadi alipopinda kona.

2 Mei, Ijumaa
LA SABA.

Nimetia kufuli kwenye sanduku la pumba. Ufunguo nauvaa shingoni.

3 Mei
Shemeji alisimama mbele ya kufuli muda mrefu. Kisha akaja jikoni.

"Shemeji, sanduku limefungwa."

"Limefungwa."

"Jioni nampa nini farasi?"

"Nitakupimia mimi."

Aliniangalia kana kwamba ni mimi niliyeshikwa nimeiba. Halafu akasema, "Haya," akatoka. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nasubiri mshindo.

7 Mei
Leo nimeona kwa macho yangu, si kwa kuambiwa. Nilikuwa narudi na Tajiri kutoka kilimani, nikamwona shemeji karibu na bucha, amesimama na Mnunuzi. Mnunuzi anarusha mikono. Shemeji anaongea, tena maneno mengi, kidole kikielekea nyumbani kwetu. Waliponiona wakaachana, mmoja huku, mwingine kule.

Nyumbani nikamuuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, unafahamiana na Mnunuzi?"

"Namfahamu."

"Mnaongea nini?"

"Hakuna."

Hakuna! Mtu anapiga kidole hewani robo saa kwa ajili ya hakuna.

9 Mei
La saba, karibu la nane. Kuanzia kesho naongeza chakula cha alfajiri, kabla ya kile cha asubuhi: uji mzito wa pumba na mahindi. Daktari alisema polepole, lakini daktari halali na mwizi nyumba moja.

Kuku wa mama mkwe anapanda kwenye mfuniko wa sanduku kudonoa ncha ya mkanda. Nimemtimua. Hata kuku siku hizi wananidharau.

12 Mei
Nimefagia sakafu ya banda na kumwaga majivu mbele ya sanduku. Leo asubuhi kulikuwa na nyayo za shemeji, lakini zimelipita sanduku, zimekwenda moja kwa moja kwenye hori. Anaiba ndani ya hori sasa. Anamnyang'anya mnyama mdomoni.

16 Mei, Ijumaa
Mkanda umekwisha matundu. Nilivuta, nikavuta kwa mguu ukutani, nikafika tundu la mwisho, la nane, na bado kulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Nilichukua msumari na nyundo nikatoboa tundu jipya, la tisa, karibu kabisa na chuma cha kufungia. Mkanda wa marehemu haujawahi kutobolewa na mtu.

Nikaingia nao ndani, shemeji akiwa mezani na mama yake, nikauweka juu ya meza katikati ya vikombe.

"Mama, mimi nimenyamaza muda mrefu. Farasi anakula kwa wawili na anakonda kwa watatu. Mtu anachukua chakula usiku na kukipeleka ninakojua. Akishakonda vizuri, Mnunuzi anaitwa, banda linabaki wazi, bwana harusi anahamia."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Unamsema nani?"

"Aulizwe gunia lake."

Shemeji hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha mimi. Akasema taratibu, "Shemeji, farasi yule amenenepa. Macho yako yako wapi?"

"Mkanda huu hapa! Mkanda wa kaka yako! Nao unasema uongo?"

Akautazama mkanda. Akaushika, akaupinda kidogo kwa vidole, kama anataka kusema neno. Kisha akauacha. "Mimi mwizi, basi," akasema, akasimama. Alichukua koti lake. Mama mkwe akamwita kwa jina lake la utoto, ambalo sikuwahi kulisikia. Hakugeuka. Analala huko huko kiwandani, kwenye magunia ya unga.

Mama mkwe hajanisemesha tangu jioni. Potelea mbali. Siku za mwizi ni arobaini.

17 Mei
Mkanda nimeurudisha kwenye msumari. Nimefanya kazi zote mbili. Nimechoka.

18 Mei
Mvua kubwa. Mama mkwe kapika, kaacha sufuria jikoni, kaenda chumbani.

19 Mei
Nimeingia chumbani kwa shemeji kutafuta ushahidi nimwekee mama mkwe mbele ya macho. Chini ya kitanda nikalikuta gunia. Zito. Nikasema moyoni, sasa umepatikana.

Nikalifungua. Mikate. Mabaki ya mikate, ncha zilizokauka, zile wanazozitupa kiwandani. Kila kipande kimekatwa kidogo kidogo, kwa ukubwa wa kidole gumba, asije mnyama akakabwa. Gunia zima, mtu amekaa na kisu akakata.

Nilikaa kitandani kwake. Kwa hiyo gunia lilikuwa linakwenda tupu na kurudi limejaa. Kwa hiyo nyayo zilikuwa zinakwenda kwenye hori kutia, si kutoa. Nilipofunga sanduku, alidhani mimi ndiye ninayempunja farasi. Tumelala ukuta kwa ukuta, kila mmoja akimlinda Tajiri dhidi ya mwenzake.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nilitaka kufanya kitu, chochote, saa hiyo hiyo. Nikabeba gunia nikalimwaga lote kwenye hori, juu ya uji. "Kula, baba," nikamwambia. "Kula cha baba yako mdogo." Akala chote.

20 Mei
Kulikucha nikasikia kwato zinapiga ukuta.

Tajiri alikuwa amelowa jasho na banda lina baridi. Anageuza kichwa anatazama tumbo lake, anachimba sakafu, analala, anainuka, anataka kulala tena. Chini hakuna mavi hata punje. Msokoto wa tumbo. Marehemu aliwahi kunionyesha kwa farasi wa jirani, na yule jirani alimpoteza farasi wake kabla ya mchana. Akijibiringisha, utumbo unajisokota, kwisha.

Nilimpigia daktari simu, akasema yuko mbali, anakuja, nisimwache alale, nimtembeze. Nikamvuta. Farasi mzima anataka kwenda chini na mimi nataka aende mbele, nani ana kilo? Aliniburuza mpaka kwenye tope la uani. Mama mkwe akatoka na khanga yake ya kulalia, akakamata kamba upande wa pili bila kunitazama. Tukavuta wote wawili. Hatukumweza.

"Nenda kamwite," akasema.

"Mama, mimi..."

"Nenda kamwite mwenyewe kwa mdomo wako uliomfukuzia! Mimi namshikilia."

Nilikimbia na tope hadi magotini. Kiwandani walinizuia mlangoni, nikapiga kelele jina lake, siyo Kimya, jina lake. Akatokea, unga hadi viwikoni.

"Tajiri," nikasema. "Nilimpa gunia lako lote. Lote, shemeji. Nimemuua."

Hakuuliza gunia nimelipata wapi. Alivua aproni akakimbia, mimi nyuma.

Tulimtembeza kuzunguka uani. Yeye kichwani, mimi nyuma na fimbo, mvua juu yetu sote. Akitaka kulala shemeji anampigia kelele masikioni, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Daktari alifika, akampiga sindano, akamtia mpira puani akammiminia mafuta tumboni. Kisha akapitisha kiganja mbavuni, akakunja uso.

"Nani kasema farasi huyu amekonda? Mbavu nazitafuta kwa kidole, sizipati. Amekaribia kuzidi."

Nikaingia bandani kuleta mkanda nimwonyeshe. Na hapo nikauona. Uko kwenye msumari wake ule ule, sanduku ni lile lile, lakini ncha haining'inii tena juu ya mfuniko. Imelala. Kipande kizima cha mkanda kimejikunja juu ya mfuniko, ndicho alichokuwa anakidonoa kuku.

Nilitoka nao mkononi. Shemeji akauona, akaniona, akajua kuwa nimejua.

"Kaka alikuwa haupaki mafuta," akasema. "Alikuwa anaupangusa kwa kitambaa kikavu tu. Nilipoushika siku ile mezani nikaona umekuwa laini kama ulimi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshaniita mwizi. Mwizi akisema mkanda ni mbovu, nani anamsikiliza?"

Kila Ijumaa nimeulainisha kwa mapenzi yangu yote na kuuvuta kwa nguvu zangu zote, ukawa mrefu, nikamwita mtoto wa watu mwizi kwa urefu huo.

Tukaendelea kuzunguka. Baada ya muda nikauliza habari ya Mnunuzi, kwa kuwa nimeumbwa hivi, siwezi kuacha.

"Nilimwambia akipita tena kuchungulia lango letu nitamfunga yeye hiyo kamba."

Alasiri Tajiri alisimama, akainua mkia, akatoa mavi. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mimi na shemeji tulisimama tunayatazama yale mavi kama wazazi wanaotazama mtoto mchanga. Nililia kwa sauti. Nikamwambia shemeji, "Nisamehe." Akasema, "Yamekwisha, shemeji." Akaenda kunawa.

23 Mei, Ijumaa
Sikumpima. Majani tu, maji, matembezi mafupi. Shemeji amerudi chumbani kwake. Kufuli nimelitoa, nikalitupa chooni na ufunguo wake.

30 Mei
Kilima mara moja, bila tairi. Mvua imepungua.

5 Juni
Msimamizi wa kiwanda cha mbao amekuja na wasaidizi na gogo halisi. Akamshika Tajiri mbavu, akamwinua kwato, akamtazama meno. Akamfunga gogo. Tajiri alilivuta hadi juu ya kilima, akageuka kututazama kama anauliza ni hilo tu?

"Nani amemtengeneza huyu?" akauliza msimamizi.

"Yeye," nikasema.

"Yeye," akasema shemeji, wakati huo huo.

"Basi mmoja wenu amwendeshe. Waanze Jumatatu."

Shemeji ataacha mikate. Mama mkwe kapika vyakula vya watu kumi na tuko watatu. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

9 Juni, Jumatatu
Wameondoka leo alfajiri, Tajiri na shemeji. Nilisimama langoni kuwaaga. Tajiri amepigwa brashi anang'aa. Shemeji ana lile gunia begani, la chakula cha mchana cha farasi.

Alipofika mbele yangu akasimama. Bila mimi kusema kitu, bila hata kulitazama hilo gunia, akalishusha, akalifungua mdomo, akalielekeza kwangu nione ndani. Majani, pumba, karoti mbili. Amekuwa akifanya hivyo tangu aliporudi. Akiingia na kitu anakifungua, akitoka na kitu anakifungua. Hana kinyongo usoni, na wala hatanii. Amenizoea hivyo tu.

"Funga, shemeji," nikamwambia. "Mvua itaingia."

Akatazama juu, na mimi nikatazama. Hapakuwa na wingu hata moja. Akangoja kidogo, gunia likiwa wazi mikononi, mpaka nilipoinama nikachungulia.